Vipimo 46 vya Baden

Ave verum corpus ya Wolfgang Amadeus Mozart, nambari 618 katika orodha ya Köchel, ni wimbo wa kwaya wa vipimo 46 tu, usiozidi sana dakika tatu ukiimbwa. Umeandikwa kwa sauti nne, fidla mbili, viola, besi na kinanda, na karatasi ya mtunzi mwenyewe inataja mahali na siku: Baden, Juni 17, 1791. Mozart alikuwa na umri wa miaka 35. Alifariki Desemba 5 mwaka huohuo, na kwa sababu hiyo wasimulizi wengi huusikiliza wimbo huu kama buriani ya mtu anayekiona kifo mlangoni. Hesabu hiyo hufanywa kwa kurudi nyuma. Mwezi ule wa Juni mtunzi alikuwa katikati ya kazi nyingi, mkewe alikuwa mjamzito, na mjini Baden alikuwako mwalimu wa kwaya aliyekuwa amemtendea fadhila. Wimbo ulizaliwa hapo, katika mambo ya kawaida ya maisha, na anayetaka kuuelewa hana budi kuanza na mji wenyewe.

Baden uko takriban kilomita 26 kusini mwa Vienna. Gari linalofaa kwa safari hiyo ni Badner Bahn, linaloondoka mbele ya jumba la opera la Vienna na kufika Josefsplatz, katikati ya Baden, baada ya kama saa moja. Treni za kawaida zina kasi zaidi, lakini hili lina tabia yake: mwanzoni ni tramu inayopenya barabarani pamoja na magari mengine, kisha likitoka mjini linageuka kuwa treni. Dirishani hupita maghorofa, halafu maghala, halafu maduka makubwa ya Vösendorf. Kuanzia Guntramsdorf yanaonekana mashamba ya mizabibu. Linapita Traiskirchen, mji ambamo Austria ina kituo kikubwa cha kuwapokea waomba hifadhi, na vituo vichache baadaye safari inaisha. Nilipanda gari hilo katika juma la sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo Austria huiadhimisha siku yake hasa, Alhamisi, nayo ni siku ya mapumziko kitaifa. Nchini mwetu parokia nyingi huisogeza hadi Jumapili inayofuata.

Anayeshuka Josefsplatz huweza kupokewa na pua kabla ya macho. Baden umekaa juu ya chemchemi 14 za maji moto yenye salfa, na karibu na mabafu harufu ni ile ya yai viza. Warumi waliuita mji huu Aquae, yaani maji, na jina la Kijerumani la leo halijaenda mbali, kwani maana yake ni kuoga. Maji hutoka ardhini yakiwa na joto la takriban nyuzi 36, kama joto la mwili. Kwa karne nyingi watu wenye maumivu ya viungo, vidonda na magonjwa ya ngozi wamekuja kujilowesha humu. Jengo la mviringo la rangi ya manjano karibu na kituo, Josefsbad, lilikuwa bafu. Leo watu huingia humo kula na kunywa, kwa kuwa ni mahali pa chakula. Mwaka 2021 UNESCO iliuingiza Baden katika Urithi wa Dunia pamoja na miji mingine kumi ya Ulaya iliyojengwa juu ya biashara ya maji ya tiba.

Constanze, mke wa Mozart, alianza kuja hapa mwaka 1789 alipokuwa akisumbuliwa na mguu. Gharama ilikuwa kubwa na nyumba ilikuwa na madeni. Barua za Mozart za kumwomba mkopo Michael Puchberg, mfanyabiashara rafiki yake, ni miongoni mwa maandishi yanayosikitisha zaidi katika maisha yake. Mwaka 1791 Constanze alirudi Baden akiwa na mimba ya mtoto wa sita. Kati ya watano waliotangulia alikuwa hai mmoja tu, Karl Thomas. Kabla hajasafiri, Mozart alimwandikia Anton Stoll wa Baden barua akimwomba amtafutie mkewe makao: vyumba viwili, au chumba kimoja na kijichumba cha pembeni, na la muhimu kuliko yote, viwe chini kabisa, pasiwe na ngazi za kupanda. Akataja na nyumba aliyoipenda zaidi, kwa mchinja nyama. Barua ile haina hata neno moja la utukufu wa sanaa. Ni barua ya mume anayehangaikia miguu ya mkewe.

Stoll, aliyezaliwa mwaka 1747, alikuwa mwalimu wa shule na pia mkuu wa muziki katika kanisa la parokia la Mtakatifu Stefano. Kazi hizo mbili katika miji midogo ya Austria ya wakati ule zilishikwa na mtu mmoja. Msomaji wa Afrika Mashariki anamfahamu mtu wa namna hii bila kuchorewa picha: asubuhi yuko ubaoni na chaki, jioni yuko kwenye kinanda, Jumamosi anawagombeza besi waliochelewa mazoezi. Mozart alimwazima nota za misa zake, naye Stoll akaziimbisha. Uhusiano wao haukuwa wa bwana mkubwa na mshamba. Katika barua moja Mozart alicheza na jina la Stoll kwa vina vya utani, mzaha ambao mtu humfanyia aliye rafiki kwelikweli.

Kwa hiyo Ave verum corpus ni wimbo ulioandikwa kwa ajili ya Stoll na kwaya yake. Ni vigumu kutoona shukrani ndani yake, ingawa lilikuwapo pia hitaji lenyewe la ibada. Sikukuu ya Mwili wa Kristo mwaka 1791 iliangukia Juni 23, siku sita baada ya tarehe iliyo kwenye karatasi, na ndiyo inayodhaniwa na wengi kuwa siku iliyokusudiwa. Siku sita kwa kwaya ya parokia ni mazoezi mawili, labda matatu. Jambo hilo halina budi kuwekwa akilini, maana linaeleza mengi katika nota zitakazofuata.

Maneno ya wimbo ni ya kale kuliko Mozart kwa karne nne hivi. Yanapatikana katika maandishi ya karne ya 14. Hati moja humtaja Papa Inosenti VI kuwa mtungaji wake. Katika Enzi za Kati yaliimbwa au kusaliwa padre alipoinua Ekaristi wakati wa Misa, dakika ambayo waamini wengi, waliokuwa hawapokei Komunyo mara kwa mara, waliingojea kuliko zote. Ni sala fupi. Inausalimu mwili wa kweli uliozaliwa na Bikira Maria, ukateswa na kutolewa sadaka msalabani. Inakumbuka ubavu uliochomwa ukatoka maji na damu. Kisha inaomba mwili huo uwe kionjo cha uzima kwa mwenye kusali katika saa ya jaribio la kifo. Baada ya hapo wimbo wa asili una miito michache ya mapendo kwa Yesu mwana wa Maria. Mozart aliiacha. Wimbo wake unakoma kwenye kifo. William Byrd wa Uingereza, aliyeyatia maneno hayohayo katika sauti nne na kuyachapisha mwaka 1605, hakuiacha miito hiyo, na kwake ombi la huruma ndilo kilele. Anayezisikiliza kazi hizo mbili moja baada ya nyingine atagundua kwamba uamuzi wa Mozart wa kukata pale haukuwa mdogo.

Wimbo huu ulikuja pia baada ya ukimya mrefu. Mozart aliyelelewa Salzburg, akiwa mwajiriwa wa askofu mkuu, aliandika misa na zaburi kwa wingi. Alipohamia Vienna mwaka 1781 chemchemi hiyo ilikauka karibu kabisa. Misa kuu ya C ndogo aliiacha pasipo kuimaliza. Sababu mojawapo ilikuwa siasa. Kaisari Josefu II alitaka ibada iwe nyepesi, ieleweke na isiwe ya gharama, na kanuni zake za mwaka 1783 zilibana matumizi ya ala nyingi kanisani na kuhimiza waamini waimbe kwa Kijerumani. Mtunzi asiye na kanisa la kumwagiza hana sababu ya kuandika muziki wa kanisa. Josefu alifariki Februari 1790, na chini ya nduguye Leopoldi II mambo yakalegezwa. Mwezi Mei 1791 Mozart alikubaliwa kuwa msaidizi wa mkuu wa muziki katika kanisa kuu la Vienna, bila mshahara, kwa matumaini kwamba mzee Leopold Hofmann akifariki yeye atarithi nafasi na malipo yake. Hofmann aliishi hadi 1793. Msaidizi ndiye aliyetangulia.

Makanisa yote mawili, lile kuu la Vienna na lile la parokia ya Baden, yamewekwa chini ya Mtakatifu Stefano. Kwa lile kubwa Mozart alikuwa na cheo kisicho na pesa. Kwa lile dogo alikuwa na rafiki, na ndilo lililopata wimbo.

Kutoka Josefsplatz hadi kanisani ni mwendo wa miguu wa dakika chache, kupitia Hauptplatz yenye nguzo ya Utatu Mtakatifu iliyosimamishwa mwanzoni mwa karne ya 18 baada ya tauni. Mji unaoonekana leo si ule alioutembea Mozart: moto wa mwaka 1812 uliteketeza sehemu kubwa, na nyumba nyingi za rangi za maziwa na asali ni za baada ya hapo. Jirani, katika Rathausgasse, iko nyumba aliyokaa Beethoven majira ya joto na kuifanyia kazi simfonia yake ya tisa. Sasa ni makumbusho. Katika Renngasse kuna jengo liitwalo Mozarthof, linalotajwa kuwa mahali Constanze alipopanga na wimbo ulipoandikwa. Kanisa la Mtakatifu Stefano ni la kigothi, na mnara wake umevikwa kofia yenye umbo la kitunguu ya nyakati za baadaye. Ndani kuna picha kubwa ya kupigwa mawe kwa Stefano, kazi ya mchoraji Paul Troger, na kibao cha kumkumbuka Mozart. Si kanisa kubwa. Nilisimama chini ya roshani ya kinanda nikakadiria ni watu wangapi wangeweza kujipanga pale juu pamoja na wapiga fidla, na hesabu yangu haikufika mbali.

Nafasi ile finyu inasaidia kuzisoma nota. Ufunguo ni D, au kama wasemavyo wanakwaya wa sol-fa, doh ni D, ambapo nyuzi za fidla hutoa sauti wazi kwa urahisi. Mwendo ni wa polepole. Baada ya hapo mtunzi aliandika agizo moja tu la namna ya kuimba, kwa Kiitaliano: sotto voce, kwa sauti ya chini. Hakuna alama za kuongeza nguvu wala kupunguza katika vipimo vyote vinavyofuata. Madoido yaliyozoeleka, kwaya kupaza ghafla hapa na kunong'ona pale, yametiwa na wachapishaji na waongozaji wa baadaye, na mengi yangeweza kuondolewa bila hasara.

Ala za nyuzi hutangulia kwa vipimo viwili vya utulivu, kisha sauti nne zinaingia pamoja. Karibu kila silabi ina nota yake moja. Hakuna mbwembwe za kuizungusha silabi kama katika opera. Hakuna anayeimba peke yake. Sauti ya kwanza haipandishwi mahali pa kuumiza koo, wala besi haishushwi chini ya kisima. Kwaya yenye wanafunzi, mafundi na wake za wafanyabiashara inaweza kuzishika nota hizi kwa siku chache. Wakati huohuo, tangu sentensi ya kwanza, soprano wanateremka kwa nusu hatua kupitia nota isiyo ya ngazi yao, na kivuli chepesi kinapita juu ya salamu iliyoanza kwa mwanga. Ni nota moja tu. Mtunzi mwingine angeijengea mlima.

Sehemu ya kwanza inasafiri hadi ufunguo wa A na kutua hapo maneno yanapofika msalabani. Ala zinajibu kwa vipimo vichache. Ndipo linapotokea jambo la ajabu kuliko yote katika wimbo huu. Maneno yanapoufikia ubavu uliochomwa, muziki unaacha mwanga wa A, unapita kwenye giza la D ndogo, na kabla msikilizaji hajajua ameshikwa mkono na nani, doh imehamia F. Kutoka A hadi F si jirani. Ni kama mtu atoke sebuleni kwake, afungue mlango wa stoo, ajikute katika ua wa nyumba nyingine. Yote hutendeka katika vipimo vinane hivi, kwa sauti ya chini, pasipo hata mwimbaji mmoja kurukia nota ngumu. Kila sauti inasogea hatua moja au nusu hatua, na nyumba nzima inahama. Maji na damu vinatajwa huko ugenini.

Kisha kunarudiwa nyumbani, na ombi la mwisho linapoanza kanuni iliyofuatwa tangu mwanzo inavunjwa. Hadi hapo wote walitamka pamoja. Sasa soprano na alto wanatangulia, teno na besi wanafuata nyuma kidogo kwa wimbo uleule, kama makundi mawili ya maandamano ya Ekaristi yanayojibizana njiani. Huo ni ufundi wa shule ya zamani, alioupenda Mozart hasa katika miaka yake ya mwisho, lakini ameuficha kiasi kwamba wasikilizaji wengi huhisi tu kwamba wimbo umepanuka. Sauti zinakutana tena kwenye neno la kifo, na neno hilo linarudiwa na kunyooshwa. Soprano wanalibeba juu ya nusu hatua kadhaa kabla ya kulishusha. Kwaya inanyamaza. Ala zinapiga vipimo vitatu. Mwisho.

Hapo ndipo ugumu wa wimbo ulipo. Nota zinasomeka jioni moja, lakini sentensi ni ndefu na mwendo ni wa taratibu, hivyo pumzi inaisha kabla ya maneno. Na zile hatua ndogondogo za kuhamia F na kurudi D ndizo zinazowateremsha waimbaji wasiosikilizana. Kwaya ya Stoll ilikuwa na fidla na kinanda vya kuishikilia.

Mozart alirudi kwenye kazi zake. Mtoto, Franz Xaver, alizaliwa Julai 26. Opera yake La clemenza di Tito ilionyeshwa Prague Septemba 6, Die Zauberflöte Vienna Septemba 30, na Requiem, misa ya wafu, ikabaki mezani. Aliyeikamilisha ni Franz Xaver Süssmayr, mwanafunzi aliyekuwa Baden na Constanze majira yale ya joto, na ambaye mwaka 1792 aliyatungia maneno ya Ave verum muziki wake mwenyewe. Huo wa pili leo hauimbwi sana. Stoll aliendelea na kwaya yake na kufariki mwaka 1805.

Karatasi ya Mozart sasa inahifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Austria mjini Vienna. Wimbo wenyewe haukubaki kwenye karatasi hiyo. Franz Liszt aliuchukua katika miaka ya 1860 na kuuunganisha na Miserere ya Allegri, ule wimbo wa kanisa la Sistina ambao Mozart akiwa kijana wa miaka 14 aliusikia Roma na kuuandika kwa kumbukumbu. Tchaikovsky naye, mwaka 1887, hakwenda kwa Mozart moja kwa moja. Aliipangia okestra kazi ya Liszt na kuiweka kuwa sehemu ya tatu ya Mozartiana. Okestra ile ina kinubi na fidla nyingi zinazopaa. Ni nzuri kama keki ya harusi ilivyo nzuri, na mwenye kuijua roshani ya Baden huenda akaona sukari imezidi.

Kwaya za Kikatoliki za Kenya na Tanzania huuimba wimbo huu kwa Kilatini kilekile, mara nyingi wakati wa Komunyo au mbele ya Ekaristi, na waimbaji wengi huusoma kwa herufi za sol-fa. Katika sol-fa kuhamia F huandikwa wazi: doh mpya hutajwa juu ya mstari, na mwimbaji hujua kwamba amevuka mpaka, jambo ambalo nota za mistari humficha. Fidla kwa kawaida hazipo. Mpiga kinanda huchukua vipimo viwili vya mwanzo na vitatu vya mwisho, na kisipokuwapo kinanda kwaya hupewa doh, ikaanza moja kwa moja kwenye kipimo cha tatu.